Mashine ya MIG bila gesi: miezi mitano nikijifunza kuchomelea kwenye sakafu ya gari langu, kikumi

Ilianza na shilingi mia tano. Tulikuwa tunarudi kutoka Bugembe, hapa Jinja, Uganda, mtoto wangu yuko siti ya nyuma akaangusha koini yake, akainama kuitafuta, akasema baba haipo, nikamwambia angalia vizuri chini ya kapeti, akanyamaza kidogo alafu akasema baba mi naona barabara. Nikasimamisha gari pembeni hapohapo. Nilipoinua kapeti nikakuta tundu linaloingia ngumi, kingo zake zimekuwa kama biskuti iliyolowa chai, ukigusa zinamomonyoka, na hapo ndo miguu ya mwanangu inapokaa kila asubuhi akienda shule.

Gari ni kikumi, Corolla AE100 ya station wagon. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa anabeba samaki kutoka mwaloni Masese. Barafu inayeyuka, maji yanashuka chini, na yeye alikuwa ametandika nailoni juu ya kapeti akijua anakinga gari, kumbe maji yanapita pembeni yanakaa chini ya nailoni hayana pa kukaukia, miaka na miaka. Watu wameniambia sana uza hilo gari tafuta jingine. Lakini tangu sheria ya 2018 hairuhusiwi kuingiza Uganda gari lililofika miaka 15, kwa iyo kikumi za miaka ya tisini zilizopo ndo hizohizo, hakuna nyingine inayokuja, na gari jipya kidogo bei yake mi siifikii. Injini ya hili inawaka mara moja, gia hazina kelele. Tatizo lilikuwa sakafu tu.

Nikalipeleka kwanza gereji. Fundi akachukua shiti akailaza juu ya kutu bila kukata kitu, akawasha mashine ya rodi, zile rodi za geji 12 yani milimita 2.5, akaanza kuchoma. Sasa sakafu ya gari dogo kama hili haifiki hata milimita moja kwa unene, na rodi ya 2.5 ukiishusha ampea sana haiwaki, ukiipandisha inakula bati. Tundu la ngumi likawa la sahani. Nikamwomba asimamishe, nikamlipa nusu siku, nikaondoa gari. Yule kijana kazi yake ya kila siku ni mageti na madirisha na huko anajua, ila sakafu ya gari si geti, na siku ile ndo niliamua nitajifunza mwenyewe hata kama itachukua mwaka.

Ndo nikanunua hii mashine ninayoielezea. Ni inverter ndogo, yani mashine nyepesi ya kielektroniki, inafanya MIG (kuchomelea kwa waya unaosukumwa wenyewe kutoka kwenye roli) bila gesi, MIG ya gesi, na rodi pia. Nimeinunua Kampala kwa laki saba na themanini elfu. Ndani ya boksi kuna mashine yenyewe, torchi yenye kebo ya kama mita mbili, kebo ya ethi (ile inayobanwa kwenye chuma unachochoma) na kibanio chake, roli moja ya waya wa kilo moja wa 0.8, kinyago cha kushika kwa mkono, na kanyundo chenye brashi. Jina la kampuni silitaji kwa sababu hizi mashine zinatoka na majina kumi tofauti na ndani karibu ni kitu kilekile, kwa iyo angalieni sifa zake na jinsi ilivyotengenezwa.

Kwa nini bila gesi? Waya wake una unga ndani, ukiungua unatoa moshi unaofunika chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa, alafu unaacha maganda juu, ni kama rodi iliyogeuzwa, dawa iko ndani badala ya nje. Mtungi wa gesi na regulator yake vingenigharimu karibu bei ya mashine nyingine. Na mi nafanyia kazi uani hapa Walukuba, mchana upepo wa ziwa unakuja moja kwa moja, gesi yote ingepeperuka. Nataka niseme ukweli lakini, kwa bati jembamba waya wa kawaida wa 0.6 na gesi ni bora zaidi, moto wake ni mdogo na mstari unatoka msafi. Kama una chumba kilichofungwa na hela ya mtungi nenda huko.

Sasa lile lililoniumiza. Siku mbili za kwanza mashine ilikuwa inatema matone kila mahali, inaruka, inapiga kama fataki, mstari unakaa juu ya chuma kama mavi ya mbuzi, ukiugonga unaanguka wote. Nikapiga simu dukani, aliyepokea akaniambia ongeza ampea. Nikaongeza, nikatoboa. Nikapiga tena akasema basi punguza waya. Nilikuwa nimeshaanza kuamini mkono wangu ndo mbovu, laki saba nimetupa.

Jirani yetu kuna mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya chuma hapa Jinja, sa hizi yuko nyumbani. Alisikia ule mlio kutoka barazani kwake akaja na kikombe chake mkononi.

"Mwanangu, zima hiyo kitu. Waya wako ni wa unga au wa gesi?"

"Wa unga mzee."

"Na torchi umeifunga kwenye chanya au hasi?"

Sikujua hata kama kuna chanya na hasi. Akainama mbele ya mashine, akanionyesha kebo fupi na soketi mbili, akachomoa akabadilisha, torchi ikaenda hasi na ethi ikaenda chanya. Mashine ilitoka kiwandani imefungwa kwa ajili ya waya wa gesi, ambao torchi yake inakaa chanya, alafu ndani ya boksi hilohilo wakaweka waya wa unga ambao karibu wote unataka torchi iwe hasi! Kitabu chake kina ukurasa mmoja kuhusu hilo na michoro yake haieleweki. Nikabonyeza tena, banange, mlio ulibadilika wote. Zile fataki zikaisha, ikawa sauti moja tu inayoendelea, kama mukene, wale dagaa wa ziwani, wakiwa kwenye mafuta ya moto. Kama umenunua mashine ya aina hii na inatema, kabla hujagusa kitu kingine angalia hiyo kebo.

Kuanzia hapo mzee akawa mwalimu wangu na sikumlipa hata shilingi, alikataa, alikubali sukari tu. Sharti lake lilikuwa sitagusa gari mpaka yeye aseme. Nilinunua vipande vya shiti ya geji 18, ambayo ni milimita 1.2, kwa watu wa chuma chakavu, na wiki mbili nzima jioni baada ya kazi nikawa naunga vipande viwili viwili. Mtihani ulikuwa mmoja. Anachukua nilichounga, anakibana kwenye jiliwa, anakipiga nyundo mpaka kikunje. Vya kwanza vyote vilichanika palepale kwenye mstari. Akanionyesha na kidole: mstari umeinuka kama kamba iliyolazwa juu ya meza, maana yake chuma hakijaingia, kimekaa juu tu. Akanifundisha kugeuza kipande niangalie nyuma. Ukiona nyuma pana rangi ya buluu na kauvimbe kadogo kameanza kutokeza, umeingia. Ukiona nyuma ni kweupe kama ulivyoanza, umepaka tu. Hiyo ya kuangalia nyuma imenisaidia kuliko video zote nilizomaliza nazo bando.

Mengine aliyonifundisha nayaandika kwa haraka. Torchi ya waya wa unga unaivuta kuelekea kwako, husukumi. Waya utokeze kama sentimita moja hivi, ukirefuka sana moto unapotea. Chuma kisagwe mpaka king'ae pande zote mbili na pale ethi inapobana pia, kutu na rangi havipitishi umeme vizuri na uchafu unaingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Usisafishe kwa zile dawa za kopo za kusafishia breki alafu ukachoma, nyingine zina klorini na zikikutana na moto wa kuchomelea zinatoa gesi yenye sumu kali.

Na siku moja nilileta kipande cha mabati kilichobaki kwenye paa, nikidhani nimepata shiti ya bure. Akaninyang'anya. Yale mabati yamepakwa zinki, na moshi wa zinki ukiuvuta usiku unatetemeka, baridi, homa, viungo vyote vinauma. Akasema kiwandani vijana walikuwa wanakunywa dawa za malaria bure kumbe ni moshi. Kama huna chuma kingine saga zinki yote iishe, fanyia nje, na upepo ukupige kutoka ubavuni.

Siku aliyokunja kipande changu mara tatu kikakataa kuchanika akasema tu, "Haya, toa siti."

Kutoa ndo kazi kubwa, msidanganyike. Siti, kapeti, ile lami ya kuzuia kelele iliyoganda kwenye sakafu ambayo unaitoa kwa patasi kidogo kidogo. Betri nje kabisa. Chini ya sakafu kunapita paipu za breki na za petroli, na tangi liko chini ya siti ya nyuma, kwa iyo tulizifungua paipu kwenye vishikizo vyake tukazishusha mbali, tukaweka gunia lililolowa, ndoo mbili za maji, na mdogo wangu akakaa pembeni kazi yake ikiwa moja, kuangalia chini ya gari wakati mi niko ndani na kinyago siwezi kuona chochote. Mara mbili alimwaga maji. Mabaki ya lami chini yalishika moto na mi sikujua kabisa mpaka nikasikia chwaa. Kama huna mtu wa kukaa hapo usiwashe.

Alafu kata. Kutu inadanganya, unaona tundu la ngumi lakini bati limekwisha mpaka mbali, unakata, unasaga, bado jembamba, unakata tena. Mpaka nafika kwenye chuma kinachong'aa na chenye unene tundu lilikuwa kubwa kuliko karatasi mbili za A4 zikiwa pamoja. Nilitetemeka, kusema kweli. Mzee akasema afadhali shimo kubwa lenye kingo nzima. Tukachukua boksi la sabuni tukakata kielelezo, tukakihamishia kwenye shiti ya geji 18, tukaikunja kufuata mbavu za sakafu.

Kiraka tulikilaza kipande juu ya kipande kama sentimita moja na nusu kuzunguka, na kwenye kiraka nikatoboa matundu ya milimita 8 kila baada ya sentimita nne au tano. Unajaza kila tundu kuanzia bati la chini, hapo unakuwa umerudisha zile nukta za kuchomelea ambazo kiwandani waliungia mabati. Kwenye kingo unapiga nukta: bonyeza, hesabu moja, achia. Ruka upande wa pili kabisa. Bonyeza, moja, achia. Rudi kona nyingine. Ukifuatanisha nukta mahali pamoja bati linapata moto wote linapinda, na likipinda halirudi. Mi nilikuwa naweka kiganja, kama siwezi kukiacha pale nasubiri, nakunywa maji, naongea na mzee. Kiraka hicho kimoja kilinichukua Jumamosi nzima. Bati la zamani likitoboka, na litatoboka, unachukua kipande cha paipu ya shaba ulichokiponda kikawa bapa, mtu anakishika kwa nyuma na koleo, unajaza tundu juu yake. Chuma hakigandi kwenye shaba na ile shaba inavuta moto.

Hapa ndo mashine ilinifurahisha. Nilikuwa naishusha mpaka kwenye ampea hamsini na kitu na bado inawaka mara moja kila ninapobonyeza, na hiyo ndo unayoitaka kwa kazi ya nukta, maana unawasha mara mia mbili kwa siku. Rodi haiwezi kukupa hiyo, kila ukiwasha unakwaruza, ikigandia unang'oa na kipande cha bati.

Kwa vile ni rivyuu lazima niseme na mabaya. Boksi limeandikwa ampea 200, hazipo. Ukipandisha kwenye 120 ukafululiza dakika chache taa ya njano inawaka, mashine inazima mpaka ipoe, kwa sakafu haina shida kwa sababu unafanya nukta, lakini mtu wa mageti atalia. Kibanio cha ethi ni bati jembamba lenye springi ya kuanikia nguo, kwenye wiki ya tatu kilikuwa kimelegea mpaka moto unapanda na kushuka, nikanunua kizito cha shaba elfu kumi na tano na mashine ikawa kama mpya. Kiroli cha kusukuma waya kilichokuja kina mfereji laini, ambao ni wa waya mgumu, waya wa unga ni laini unataka kiroli chenye meno, na mimi nikawa nakaza ili usiteleze kumbe naubonda, unaingia kwenye torchi umekuwa bapa unakwama. Kiroli chenye meno nilikipata baada ya mwezi. Na waya wa kilo moja unaisha haraka kuliko unavyofikiri, mi nimetumia roli tatu.

Umeme nao. Jioni volti huku kwetu zinashuka na mwanzoni nilikuwa natumia ekstensheni nyembamba ya mita ishirini, mashine inazima zima na plagi inapata moto. Nikanunua kebo ya milimita 2.5 fupi, nikawa nafanya kazi asubuhi, shida ikaisha. Yaka, yani umeme wa kulipia kabla, inaliwa lakini si kama nilivyoogopa.

Kile kinyago cha mkono kitupeni. Kinakunyima mkono mmoja, na ndicho kilichoniumiza macho. Usiku wa siku ya tatu ya kazi kwenye gari niliamka saa nane nikadhani nimemwagiwa mchanga wa moto machoni, machozi yanatoka yenyewe, siwezi kuangalia hata mwanga wa simu. Nilikuwa nimepiga nukta kadhaa kwa kufumba macho bila kinyago kwa sababu nilitaka kuona waya unapokaa kabla ya kubonyeza. Watu wakaleta viazi vibichi vya kuweka machoni. Asubuhi kliniki wakanipa dawa ya matone na kuniambia nikae gizani, baada ya siku mbili nikawa sawa. Usitegemee kufumba macho. Baada ya hapo nikanunua helmeti ya kioo kinachojizima chenyewe kwa laki na elfu kumi, na kazi yangu ikawa nzuri mara mbili siku hiyohiyo, maana unaona unapolenga mpaka sekunde unayobonyeza. Ingekuwa ni mimi ningeinunua kabla ya mashine.

Duka nalipa alama ndogo. Bei ilikuwa nzuri, lakini hawajui wanachouza, na niliporudi kuulizia kiroli kwa sababu niliambiwa kuna waranti ya mwaka, wakasema waranti ni ya kuungua tu, na sikuandikiwa hivyo kwenye risiti. Mkienda kununua waambieni wafungue boksi, waweke waya, na muonyeshwe kiroli ni cha waya gani. Waambieni wabadilishe polariti, yani ile chanya na hasi, mbele yenu, asiyejua soketi iko wapi hataweza kukusaidia ukipata shida.

Mashine yenyewe, kwa sakafu ya gari, bado ningeinunua tena leo. Kwa mtu anayetaka kufungua karakana, hapana.

Kabla ya kupaka tulifanya kitu kimoja ambacho naomba kila mtu akifanye. Tulisubiri usiku, mtoto akalala chini ya gari lililowekwa juu ya stendi, akamulika tochi taratibu kufuata mstari, mi niko ndani gizani na chaki. Kila nilipoona kanuru kama nyota naweka alama. Zilikuwa kumi na moja. Yeye ndo alikuwa anahesabu kwa sauti kutoka chini. Kesho yake nikazijaza zote, nikagonga maganda, brashi ya waya, redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mikono miwili, silanti kwenye kingo juu na chini kwa sababu bati lililolazwa juu ya lingine linahifadhi maji katikati, alafu anda-koti ya lami, ile ya kupaka chini ya gari. Mvua za Aprili zimepita, nimeinua kapeti kila Jumapili, pakavu.

Kizingiti cha mlango na pale mkanda wa siti unapofungwa sikugusa, hapo gari likigongwa ndo panashikilia uhai wa mtu, nimemlipa fundi wa bodi aliyezoea na mzee akaenda kusimama naye. Upande wa abiria wa mbele bado umeoza kama viganja viwili. Waya umebaki nusu roli, nimeufunga kwenye nailoni na mchele mkavu usipate unyevu, naanza Jumamosi.